Imefika Wapi?

Leo tuzungumze juu ya mashine kuukuu. Nakusudia zile kompyuta za Unix zilizotoka viwandani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, za Sun, za DEC, za HP na wenzao, zilizokaa mezani pa wahandisi na watafiti. Wako watu leo wanaozikusanya, wanazipangusa vumbi, wanazibadilishia betri na diski, kisha wanazirudishia programu za enzi zake. Kazi hiyo naipenda na naiheshimu. Ila ipo hatua moja inayowakatisha wengi tamaa. Mashine imewaka, Unix imepanda, jina na nenosiri vimekubaliwa, amri zinaitika, lakini madirisha hayatokei. Mwenye mashine anasoma ujumbe wa makosa, anaamua kwamba kadi ya picha imekufa, na kompyuta nzima inaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichokosekana ni faili moja dogo, au ruhusa ya kusoma kifaa, au tarehe sahihi. Mfumo wa madirisha unaoitwa X, tangu kuukompaili mpaka kuuwasha, ni msururu wa hatua, na kila ujumbe wa kosa unaonyesha umefika hatua gani. Ujumbe hautaji sababu kila mara, lakini mahali hutaja. Basi swali la kwanza la fundi liwe hili: imefika wapi?

Tuanze na asili yake kidogo, maana muundo wake ndio unaotupa njia ya kuutibu. X ulizaliwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT kule Marekani. Mwaka mmoja kabla, chuo hicho kilikuwa kimeanzisha Mradi wa Athena kwa msaada wa DEC na IBM, kikitaka wanafunzi wake wapate kompyuta za aina mbalimbali zitakazofanya kazi pamoja. Bob Scheifler na Jim Gettys walichukua mfumo wa Stanford ulioitwa W, kazi ya Paul Asente na Brian Reid, wakaubadilisha hata ukawa kitu kingine. Herufi inayofuata W ni X, na jina likabaki hilo. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na mpaka leo namba hiyo ya 11 haijabadilika, japo matoleo madogo yalifuatana: la nne Desemba 1989, la tano Septemba 1991, la sita Mei 1994.

Kwa kuwa ulitakiwa ukae kwenye mashine za kampuni zinazoshindana, waliugawa vipande. Kipande cha kwanza ni seva, na hiyo ndiyo inayoshika skrini, kibodi na mausi. Seva ya X ipo hapo hapo mezani pako. Programu unazotumia, saa, dirisha la amri, kihariri, hao ni wateja wake, na wanaweza kuwa ndani ya mashine ile ile au kwenye kompyuta iliyo jengo jingine, wakizungumza na seva kwa mtandao. Kinachoyapa madirisha fremu na kuyasogeza ni mteja mwingine tena, meneja wa madirisha, kama twm aliyoiandika Tom LaStrange. Waandishi wa X walikataa makusudi kuamua dirisha liwe na sura gani. Naona uamuzi ule ulikuwa wa busara kubwa, lakini matokeo yake ni kwamba hakuna kitu kimoja unachoweza kukinyooshea kidole ukasema, "X imeharibika." Lazima useme ni kipande kipi.

Tuchukue mashine moja tuifuate. Ni SPARCstation 1 ya Sun, iliyotangazwa Aprili 1989, yenye SunOS 4.1, na unataka kuikompailia X11 toleo la sita kutoka kwenye msimbo wake asilia.

Kabla hujagusa msimbo, tazama saa. Ndani ya mashine hizi mna chipu ndogo yenye betri iliyofungiwa humo humo, na betri hiyo huisha baada ya miaka. Ikiisha, saa hupotea, na pamoja nayo hupotea anwani ya Etheneti na namba ya utambulisho wa mashine. Utasema, saa ina uhusiano gani na madirisha? Programu ya make, inayoendesha ukompaili wote, huamua nini kifanyike kwa kulinganisha tarehe za mafaili. Ikiona msimbo ni mpya kuliko tokeo lake, inakompaili upya. Sasa msimbo wako una tarehe za mwaka 1994, na mashine inaamini leo ni mwaka 1970. Kila faili linalozaliwa linaonekana limezaliwa kabla ya mama yake. Make itarudia kazi ile ile kila utakapoiita, na wewe utadhani kuna hitilafu ya ajabu katika X. Weka tarehe kwa amri ya date. Hata ikishindikana kuweka ya leo, inatosha iwe mbele ya tarehe za mafaili na iendelee kusonga.

Kisha tazama nafasi. Kompaila huandika mafaili yake ya muda kwenye saraka ya /tmp, na kwenye mashine hizi mara nyingi saraka hiyo imo ndani ya sehemu ndogo ya diski. Ikijaa, kompaila inakufa katikati ya faili lisilo na kosa lolote, na ujumbe unalitaja faili hilo. Mtu hukaa akiusoma msimbo safi mstari kwa mstari akitafuta kosa ambalo halimo. Amri ya df ingemwambia papo hapo. Kama unatumia gcc, unaweza kuihamishia kazi hiyo kwenye diski yenye nafasi kwa kubadilisha TMPDIR.

Na kompaila yenyewe ni ipi? SunOS 4 ilikuja na cc yake, lakini ni ya C ya zamani, ile ya kabla ya kiwango cha ANSI. Msimbo wa X wenyewe uliandikwa kwa kuzijali kompaila za namna hiyo. Programu nyingi zilizoandikwa baadaye hazikuzijali, na cc ikikutana nazo hulalamika kwenye mstari wa kwanza tu wenye tangazo la funksheni la mtindo wa kisasa. Solaris 2, iliyofuata SunOS 4, ilikuja bila kompaila kabisa: ukiita cc utajibiwa kwamba kifurushi cha lugha hakijawekwa. Huko hujafika hata mlangoni mwa X. Wengi hukimbilia gcc, nao wanafanya vizuri, ila wakumbuke kwamba gcc inapowekwa hutengeneza nakala zilizorekebishwa za mafaili ya vichwa ya mfumo. Ukiinakili kutoka mashine yenye toleo jingine la SunOS, au ukiuinua mfumo baada ya kuiweka, nakala zile zinakuwa za nyumba nyingine.

Sasa twende kwa Imake, maana hapa ndipo walipolia wengi. Mashine za Unix zilitofautiana mno: maktaba zilikaa kwingine, kompaila ilitaka vigezo vingine, hata urefu wa majina ya mafaili haukulingana, kwani mifumo ya System V iliruhusu herufi 14 tu. Todd Brunhoff wa kampuni ya Tektronix akatengeneza chombo kinachofanya kazi kama fundi cherehani mwenye kiolezo kimoja cha shati na daftari la vipimo vya kila mteja. Katika kila saraka ya msimbo mna Imakefile, yenye kusema nini kijengwe bila kutaja mashine. Vipimo vya Sun vimo kwenye faili la sun.cf, na matakwa yako mwenyewe, kwa mfano saraka ya kuwekea X iliyokwisha kujengwa, unayaandika kwenye site.def. Imake inaunganisha vyote na kuzaa Makefile inayoifaa mashine yako.

Imake haina akili yake ya kuunganisha. Inamtumia mtumishi wa kompaila aitwaye cpp, yule anayetayarisha msimbo wa C kabla haujakompailiwa. Cpp ya zamani iliacha nafasi na vichupo kama vilivyo. Cpp za kiwango kipya huviminya vichupo vikawa nafasi moja, na make haikubali mstari wa amri usioanza na kichupo. Basi unapewa ujumbe kuhusu kitenganishi kilichokosekana, katika Makefile ambayo wewe hukuiandika. Ukiona hivyo, usiihariri Makefile. Itazaliwa upya na ugonjwa wake ule ule. Ihakikishie Imake kwamba cpp inaitwa kwa mtindo wa kale, kwa kigezo cha -traditional kama ni ya gcc.

Upo mtego mwingine wa cpp unaostahili kutajwa. Cpp za zamani hulitambua neno la mashine kama jina lenye thamani ya moja. Kwenye Sun, neno sun lenyewe linageuka kuwa tarakimu 1. Fikiria njia ya faili yenye saraka iitwayo sun: baada ya kupita kwenye cpp inakuwa saraka iitwayo 1, na make inatafuta mahali ambapo hapajawahi kuwepo duniani. Waandishi wa X waliliona hilo mapema, ndiyo maana kiolezo kikuu hulifuta neno hilo mara tu kinapokwisha kuitambua mashine. Waliohamisha X kwenye mifumo mipya walilazimika kulifuta wenyewe, na watumiaji wa mwanzo wa Linux walikutana na mtego huo kwa jina la mfumo wao. Ukiona tarakimu 1 imekaa ndani ya njia ya faili ambapo ulitegemea neno, umekwisha kumpata mwizi.

Sasa unaita make World. Naomba usiiite mkono mtupu. Elekeza maneno yake yote kwenye faili, uliite world.log, kisha iache ifanye kazi, maana kwenye mashine ya umri huu itachukua saa nyingi. Ikirudi, wengi husoma mistari ya mwisho, na kumbe ya mwisho ndiyo isiyo na faida. Kosa moja la mwanzo huzaa mengine: maktaba haikujengwa, basi kila programu inayoihitaji nayo inakataa, na kila mojawapo inalia kwa sauti yake. Anza juu. Tafuta mahali pa kwanza palipoandikwa "Error code", kisha panda mistari michache hadi uione amri iliyoshindwa. Irudie amri hiyo kwa mkono, peke yake, ndani ya saraka yake. Ukisharekebisha, usiite tena make World, kwa sababu World huanza kwa kusafisha kila kitu na kazi ya saa zote zile inafutika. Ita make peke yake, nayo itaendelea pale ilipoachia.

Kwenye Sun kuna kosa moja lililosumbua watu wengi kiasi cha kuwa na sifa yake. Programu imekompailiwa vizuri, lakini inapounganishwa inalalamika kuhusu alama isiyofahamika iitwayo _get_wmShellWidgetClass, na ndugu yake _get_applicationShellWidgetClass. Mtu hutafuta funksheni yenye jina hilo ndani ya msimbo wake, asiione, kwa sababu haimo. Sun walikuwa na mazingira yao ya madirisha, OpenWindows, katika saraka ya /usr/openwin, na humo mna maktaba zenye majina yale yale ya MIT. Alama hizo hutakiwa na maktaba ya Xmu ya pamoja iliyomo humo. Dawa iliyozoeleka ni kuiunganisha Xmu kwa njia tuli, maktaba nyingine zibaki za pamoja, au kutumia maktaba zote kutoka upande mmoja. Na vichwa vilevile vitoke upande huo huo. Kuchanganya vichwa vya MIT na maktaba za OpenWindows ni kujitafutia makosa yasiyofanana leo na kesho.

Haya, imejengwa na kuwekwa. Unaita xterm, mfumo unasema libX11 haionekani. Hapa umefika mbali: programu ipo na ni nzima, ila kiunganishi cha wakati wa kuendesha hakijui maktaba zilipo. Amri ya ldd itakuonyesha kila maktaba inayotakiwa na mahali ilipopatikana au ilipokosekana. Unaweza kuelekeza LD_LIBRARY_PATH, na xclock ikafunguka, lakini xterm ikaendelea kukataa. Ni kwa sababu xterm huwekwa na ruhusa za mkuu wa mfumo ili iweze kumiliki vituo vya kuandikia, na kwa usalama kiunganishi hupuuza elekezo hilo kwa programu zenye ruhusa hizo. Peleka maktaba kwenye njia ambayo mfumo unaijua, au uziandikishe kwa ldconfig.

Tufike kwenye kuwasha. Ombi langu ni hili: usianze na startx. Startx huita xinit, xinit huita seva, kisha husoma faili lako la .xinitrc na kuwaita wateja mmoja mmoja. Vikigoma vyote kwa pamoja hutajua nani alianza. Anza na seva peke yake. Iite Xsun, uelekeze makosa yake kwenye faili. Na kabla ya hapo, hakikisha una njia ya pili ya kuingia katika mashine hiyo, kwa mtandao kutoka kompyuta nyingine au kwa waya wa siriali. Sababu yake ni hii: seva ya Sun inapoishika kibodi huibadilisha ili itume ishara za kila kitufe zikiwa ghafi. Seva ikifa vibaya, kibodi inabaki katika hali hiyo, na unachoandika kinatoka mavurugano matupu. Watu wamezima umeme kwa hofu na kuharibu mafaili kwenye diski. Ukiwa na njia ya pili, unaingia na kutoa amri ya kbd_mode -a, na kibodi inarudi kama ilivyokuwa.

Seva ikiwa nzima, utaona skrini imejaa kitambaa cha vidoti vyeusi na vyeupe, kwa mbali kinaonekana kijivu, na katikati alama ya X inayofuata mausi. Wapo wanaoiona hiyo wakadhani ndiyo kosa lenyewe. Nawaomba wafurahi. Skrini hiyo inathibitisha kwamba kerneli imeiona kadi ya picha, seva imeifungua, fonti zimepatikana, kibodi na mausi vimeitika. Sehemu ngumu imekwisha.

Isipotokea, turudi kwenye swali letu. Seva ikisema haina skrini ya kufungua, imekwama kwenye kadi. Soma dmesg uone kama kerneli iliitaja kadi wakati wa kuwaka, kwa majina kama bwtwo, cgthree au cgsix. Kama haikuitaja, tatizo liko chini ya X, kwenye kadi au kwenye kerneli iliyojengwa bila kiendeshi chake. Kama imeitaja, tazama kama mafaili ya vifaa yapo chini ya /dev, likiwemo /dev/fb, na kama wewe una ruhusa ya kuyafungua. SunOS 4.1 hukabidhi vifaa hivyo kwa anayeingia kwenye konsoli kwa kufuata faili la /etc/fbtab. Aliyeingia kwa mtandao hakabidhiwi.

Seva ikisema imeshindwa kufungua fonti ya kawaida iitwayo fixed, kadi yako ni nzima. Ujumbe huu umewaponza watu wengi, na ningependa tukae nao kidogo. Seva haiwezi kuanza bila fonti hiyo moja na fonti ya alama za kielekezi. Mtu anaingia saraka ya fonti, anaona mafaili yamejaa, anashangaa. Hapo yapo mambo manne ya kutazama. Seva haisomi mafaili ya fonti kwa kuyapapasa; husoma orodha iitwayo fonts.dir katika kila saraka. Ukinakili fonti bila orodha, ni kama hazipo. Unayemtaka ni mkfontdir, anayeiandika orodha hiyo upya. La pili, fixed si jina la faili wala la fonti halisi. Ni lakabu iliyoandikwa katika fonts.alias ndani ya saraka ya misc, na faili hilo likipotea lakabu imepotea nalo. La tatu, njia ya fonti iligandishwa ndani ya seva wakati wa kukompaili, kutokana na ulichoandika kwenye site.def. Ukihamisha X baadaye kwenda saraka nyingine, seva itaendelea kutafuta kule kwa zamani. Ielekeze kwa kigezo cha -fp. La nne ni umbo la fonti. Mpaka toleo la nne seva zilisoma fonti za SNF, ambazo hutofautiana kati ya aina moja ya mashine na nyingine. Toleo la tano lilileta PCF, zinazosomeka kwenye aina zote. Ukiibebea seva ya zamani fonti za toleo jipya, haitazielewa.

Alama ya X ikiwepo lakini haisogei, tazama mausi, tena tazama chini yake. Mausi ya Sun ya enzi hiyo ni ya mwanga, na inahitaji kibao chake maalumu cha kung'aa chenye mistari ya gridi. Kwenye meza tupu haioni chochote. Kibao kikigeuzwa upande, kielekezi nacho kinakwenda kombo. Mausi nyingi nzima zimetupwa kwa sababu kibao kilipotea zamani. Na kama skrini nzima ni nyeusi tangu kuwasha umeme, chunguza waya wa kibodi kwanza: Sun ikiwaka bila kuiona kibodi huhamishia konsoli yake kwenye siriali, na skrini haipewi neno hata moja.

Wenye Unix kwenye kompyuta za kawaida za Intel wana ugumu wao. Huko seva mara nyingi ilikuwa XFree86, mradi ulioanza mwaka 1992, na ulipaswa kuiandikia mwenyewe vipimo vya skrini. Hesabu yake haitishi: kwa skrini ya nukta 640 kwa 480, saa ya nukta ni megahezi 25.175, mstari mmoja pamoja na pembezoni zake ni nukta 800, na picha nzima ni mistari 525. Gawanya, unapata kama mistari elfu 31 na nusu kwa sekunde, na picha 60. Namba hizo lazima ziwe ndani ya uwezo wa skrini yako. Skrini za zamani hazikuwa na kinga ya kujikatalia, na nyingine ziliweza kuungua kwa vipimo visivyo vyake. Usibahatishe.

Nimesema seva imesimama. Sasa ita xinit bila faili lolote la .xinitrc, nayo itakupa xterm moja kwenye kona, bila fremu. Peleka kielekezi ndani yake, andika amri. Ikiitika, kila kilichobaki ni mapambo na mpangilio. Ukirudisha .xinitrc na madirisha yakatokea kisha yakatoweka yote mara moja, seva haijafa kwa ugonjwa. Xinit huifunga seva pindi hati hiyo inapokwisha, na hati inakwisha haraka kama kila mteja amepelekwa nyuma. Programu ya mwisho, kwa kawaida meneja wa madirisha, ibaki mbele, kwa exec twm bila alama ya kuipeleka nyuma.

Mteja akisema hawezi kufungua onyesho, angalia thamani ya DISPLAY, inayomwambia mteja seva iko wapi, kisha angalia kama jina la mashine limo katika /etc/hosts. Seva hupokea wateja wa mtandao kwenye mlango wa 6000, na wa ndani kupitia saraka ya /tmp/.X11-unix. Nimeona hati za usafi wa usiku zikifuta kila kitu ndani ya /tmp pamoja na saraka hiyo. Seva inabaki hai lakini wateja wapya wa ndani hawana pa kupitia. Ujumbe ukisema mteja hana idhini, hapo amekwisha kufika mlangoni na kilichokosekana ni ufunguo. Mpe ufunguo kwa xauth. Amri ya xhost yenye alama ya kujumlisha hufungulia kila mtu wa mtandao, na mtu huyo anaweza kusoma kila kitufe unachobonyeza, nenosiri likiwemo.

Kuna silaha moja ambayo wenye mashine hizi huisahau. Mmeikompaili X wenyewe, kwa hiyo msimbo wake wote mnao. MIT waliutoa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu X iliishi wakati NeWS, mfumo wa madirisha wa Sun uliokuwa na mawazo mazuri sana, ilikufa. Ukipata ujumbe usioeleweka, chukua maneno yake, yatafute kwa grep ndani ya msimbo. Utafika kwenye mstari ule ule unaoyachapa, na mistari ya juu yake itakuonyesha seva ilikuwa imeomba nini na imenyimwa nini. Hata Imake yenyewe ilibadilishwa kwa uhuru huo: Desemba 2005 msimbo ule ule ulitolewa mara mbili, 6.9 kwa Imake na 7.0 kwa zana mpya.

Na kwa wanaotaka mashine iwake moja kwa moja kwenye madirisha, xdm, programu inayowasha seva na kuonyesha dirisha la kuingilia, iwe ya mwisho kabisa. Usiiandike katika rc.local, hati inayoendeshwa mashine inapowaka, mpaka seva, xinit na .xinitrc vimekubali mara nyingi kwa mkono. Miongoni mwa kazi za xdm ni kuifufua seva kila inapokufa, basi seva yenye kosa la fonti itafufuliwa na kufa tena na tena, skrini ikimeta, na konsoli hutaipata. Likikukuta hilo, ingia kwa ile njia ya pili, uiue xdm kwanza, kisha ufungue faili la makosa yake usome mstari wa juu.